Mkanda wa Polar H10 kwenye mpira wa magongo: unamtofautisha aliyechoka na anayetega?

Robo ya nne, dakika ya 52. Kiungo anapokonywa mpira kwenye mstari wa mita 23 wa wapinzani, na badala ya kugeuka akimbilie nyuma, anatembea hatua nne, mkono kiunoni, gongo likiburuta chini. Kwenye benchi kocha anapaza sauti: "Jitume wewe! Jitume!" Huenda kocha ana haki. Huenda pia kijana ameshajituma mpaka akaisha, na kelele hazitamwongezea hata hatua moja. Ukiwa pembeni mwa uwanja, utegaji na uchovu vina mwendo uleule.

Hapo ndipo watu wanapouliza habari za mkanda wa kifua wa kupima mapigo ya moyo. Polar H10, wa kampuni ya Finland, ndio unaotajwa sana, na bei yake huko nje ni kama dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Jibu fupi ni hili: ni kifaa kizuri, kinasoma moyo sawasawa, na timu ya Mombasa inaweza kufaidika nacho. Lakini ukikitumia peke yake kitakufanya umkemee mgonjwa na umsifu mtegaji. Kinahitaji swali moja la mdomo na filimbi.

Kwanza ratiba, maana ndiyo inayozaa tatizo lote. Wachezaji wa hoki ya barafuni katika ligi ya NHL huko Marekani na Kanada wamezoea msimu wa mechi zaidi ya 80, na mara kadhaa hucheza usiku mbili mfululizo katika miji tofauti. Kila mmoja huingia barafuni kwa sekunde 45 hivi, anatoka, anapumua, anarudi. Kwenye magongo ya uwanjani mechi ni robo nne za dakika 15, wachezaji 16 pamoja na wa akiba, kuingia na kutoka bila kikomo. Timu iliyofika fainali ya Olimpiki ya Paris 2024 ilicheza mechi nane katika muda wa wiki mbili tu. Kenya ilipomaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la Barcelona mwaka 1971, mechi ilikuwa vipindi viwili vya dakika 35 na hapakuwa na kuingia na kutoka upendavyo. Mchezaji alijipimia pumzi. Leo hajipimii, kwa sababu anajua atatolewa baada ya dakika chache. Anakimbia kwa nguvu zote, na deni analilipa kesho yake.

Kwa timu ya Mombasa deni hilo lina sura yake. Mnapanda Nairobi, mnacheza Jumamosi na Jumapili, mnashuka usiku, na Jumatatu asubuhi mmoja yuko zamu bandarini, mwingine yuko kwenye foleni ya feri Likoni. Mchezaji wa kulipwa baada ya mechi analazwa kwenye kitanda cha kukandwa. Wa kwetu anaingia kazini.

Kifaa chenyewe

Vipande ni viwili: mkanda wa kitambaa unaovutika, na kidude kidogo cha gramu 21 kinachobanwa mbele kwa vifungo viwili vya kubonyeza. Ndani ya mkanda kuna sehemu za mpira zinazogusa ngozi; hizo ndizo zinazosikia umeme wa moyo. Betri ni ya kidonge, CR2025, ile inayouzwa kwa mafundi wa saa, na kampuni inasema inadumu saa 400. Ukiibadilisha, hakikisha ule mviringo wa mpira umekaa sawa kwenye mfuniko wake. Ukipinda hata kidogo, jasho litaingia.

Kuvaa: lowesha sehemu za mpira kwa maji, vuta mkanda mpaka ukae chini ya misuli ya kifua, kwa wanawake chini ya ukingo wa sidiria ya michezo, kisha bana kidude. Ubane kiasi cha vidole viwili kupita kwa taabu. Ukilegea, utateleza mchezaji anapoinama, na magongo ni mchezo wa kuinama saa nzima. Kosa linaloonekana sana ni kuvaa mkanda mkavu. Dakika tano za mwanzo simu inaonyesha 210, kisha 64, kisha 198, na kocha anadhani mtoto wa watu ana maradhi ya moyo. Hamna maradhi, ni ngozi kavu na jezi ya nailoni inayosuguana nayo. Kwa bahati, joto la Mombasa linatibu kosa hili lenyewe. Mchezaji akishapasha mwili kidogo jasho limetosha, na namba zinatulia.

Saa ya mkononi haishindani na mkanda kwenye mchezo huu. Saa inasoma damu kwa mwanga kupitia ngozi ya kifundo, na mshika gongo anakaza na kuzungusha kifundo hichohicho muda wote. Usomaji unarukaruka hasa pale unapouhitaji, kwenye mbio kali. Juu ya hayo, kioo cha saa na gongo la mpinzani si marafiki.

Usitarajie kukaa kwenye benchi ukimwangalia kila mtu moja kwa moja kwenye simu. Mawasiliano ya bluetooth yanashika vizuri mtu akiwa karibu, na uwanja una urefu wa mita 91.4. Mchezaji akifika goli la mbali namba zinakatika. H10 ina kumbukumbu yake ya ndani inayobeba zoezi moja: unaanzisha kurekodi kwa programu ya Polar Beat kabla ya mechi, simu unaiweka mfukoni, na baada ya mechi unaivuta data. Zoezi moja, basi. Ukisahau kuvuta ya Jumamosi, ya Jumapili haina pa kuingia. Hili ndilo linaloudhi zaidi kwenye kifaa hiki ukiwa na mechi mbili kwa siku mbili, na dawa yake ni kumpa mtu mmoja kazi hiyo kwa jina, asiwe kocha wala nahodha.

Kipa usimvishe. Kinga ya kifua inasukuma mkanda, na hata ukisoma vizuri, moyo wa kipa unapanda kwa hofu ya kona fupi, ile ya adhabu, bila yeye kupiga hatua.

Namba moja haitoshi

Mapigo ya moyo yanapima jinsi mwili unavyoitikia kazi. Hayapimi nia, na hayapimi uchovu. Ndiyo maana pembeni yake panahitajika namba ya pili, anayoitoa mchezaji kwa kinywa chake: ugumu wa kazi kwa kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kukaa tu na 10 ni mwisho wa uwezo. Njia hii ilienezwa na mtafiti wa mazoezi Carl Foster, kwa kuegemea kipimo cha ugumu cha mwanasaikolojia Gunnar Borg. Unauliza nusu saa hivi baada ya mechi, kisha unazidisha kwa dakika alizocheza. Aliyekuwa uwanjani dakika 45 akasema 8, mzigo wake ni 360. Kesho yake dakika 45 na 9, ni 405. Jumla 765 kwa siku mbili. Mazoezi ya Jumanne ya dakika 75 yenye ugumu wa 4 ni 300 tu, kwa hiyo wikendi ile moja ni zaidi ya mazoezi mawili na nusu.

Swali lenyewe linaharibika kwenye lugha. Makocha wengi wanauliza "Umechoka?" Kwa Kiswahili hilo si swali la kupima, ni salamu, na jibu lake ni "aa, sijachoka kocha", hata kama mtu hawezi kuvua viatu. Uliza hivi: "Mechi ilikuwa ngumu kiasi gani kwako, sifuri mpaka kumi?" Hapo anapima kazi, hajipimi uanaume. Muulize peke yake. Ukiwauliza wakiwa duara, nahodha akisema 6 wote watasema 6. Na yule anayeogopa kuwekwa benchi atasema 5 kila siku ya Mungu. Namba isiyobadilika mwezi mzima ni ya uongo, itupe.

Mtihani wa filimbi

Data ya mechi peke yake ina fujo nyingi, kwa sababu hakuna mechi mbili zinazofanana. Kinachotoa jibu safi ni mbio fupi ya kasi ileile, kabla ya mazoezi, mara mbili kwa wiki. Upana wa uwanja ni mita 55. Piga filimbi kila sekunde 20. Kila filimbi mchezaji awe amevuka upande wa pili. Mara 12, dakika nne, mita 660. Kasi hiyo ni kama kilomita 10 kwa saa, ya kukimbia bila kuhema kupita kiasi. Andika wastani wa mapigo ya sekunde 30 za mwisho. Asimame palepale, asiongee wala asinywe maji, na uandike tena baada ya sekunde 60 kamili. Kisha ugumu, 0 hadi 10.

Fanya saa ileile, na wote waanze kwa kasi ya filimbi, wasikimbie mwanzo halafu wangojee mstarini. Tofauti ya mapigo mawili matatu kati ya siku na siku si habari. Kuanzia matano anza kuangalia, hasa yakijirudia. Siku tano sita za mwanzo ni za kujua kawaida ya kila mtu tu, usihukumu. Na usitumie ile hesabu ya 220 ukitoa umri kupata kilele cha moyo. Inaweza kukosea mapigo 10 na zaidi kwa mtu mmoja mmoja. Chukua namba ya juu kabisa iliyowahi kuonekana kwake kwenye usomaji safi wa mechi au mbio kali.

Tuseme kawaida ya kiungo wetu ni 162 mwishoni mwa mbio, na ugumu wa 3. Jumanne baada ya wikendi ya Nairobi anasoma 153. Kocha anafurahi: moyo umeshuka, kijana amekuwa fiti! Muulize ugumu kwanza. Akisema 2, ndiyo, amekuwa fiti. Akisema 6, hiyo ni alama ya uchovu uliolundikana. Mwili uliotumika kupita kiasi hushindwa kuusukuma moyo juu kama zamani. Miguu inalemewa kabla moyo haujapewa kazi ya kutosha. Kwenye mechi mtu huyo utamwona kilele chake kimekatika. Zamani alikuwa akifika 190, sasa hapiti 178, na jioni anakwambia mechi ilikuwa 9. Ndiye anayetukanwa kwamba anatega. Hata kushuka kwa mapigo katika ile dakika moja ya kusimama kunaweza kudanganya hapa: aliyezidiwa mzigo anaweza kushuka haraka kuliko kawaida, ukadhani ni dalili njema.

Sasa mwingine: mbio za filimbi ni kawaida yake, 160 na ugumu wa 3, lakini kwenye mechi mapigo yako chini na yeye mwenyewe anasema 4. Huyu mwili anao, hakuutumia. Kabla ya kumwita mvivu, angalia alicheza wapi. Fowadi ambaye timu yake ilibanwa kwenye mita 23 zake kwa robo tatu za mechi hakupewa mpira wa kukimbilia. Kama mwenzake wa namba ileile kwenye mechi ileile alisema 8, hapo mazungumzo yanaruhusiwa.

Wa tatu ana mapigo yaliyopanda: 174 pale ambapo kawaida ni 162. Hapa usiongelee nia kabisa. Uliza usingizi, uliza maji, uliza homa. Mtu anayeanza kuugua malaria anaweza kuonekana hivi kabla hajalala kitandani, na anatakiwa kupimwa, si kukimbizwa. Joto nalo linafanya hivyohivyo. Saa kumi jioni mwezi wa Machi Mombasa, hewa imejaa unyevu na jasho halikauki mwilini, moyo unapanda polepole dakika baada ya dakika ingawa kasi haijaongezeka, kwa sababu damu inagawanywa kati ya misuli na ngozi na maji yanazidi kupungua. Kwa hiyo mapigo ya juu robo ya nne si ushahidi kwamba mtu amejituma kuliko robo ya kwanza. Huenda anakimbia kidogo na moyo unalipa gharama ya jua.

Mizani ya kawaida inatenganisha jambo hili kwa dakika mbili. Mpime kabla na baada ya mechi, amejifuta jasho, nguo kavu na nyepesi. Mtu wa kilo 65 akipungua zaidi ya kilo 1.3, amepita asilimia 2, na kiwango chake kinaanza kuathirika. Arudishe lita moja na nusu kwa kila kilo aliyopoteza, kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Dafu ni zuri na liko kila kona, ila lina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, na jasho linatoa chumvi zaidi; ale na chakula chenye chumvi.

Namba za Nairobi msizichanganye na za Mombasa. Kule ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa mchezaji aliyeshuka garini jana, kasi ileile itampandisha mapigo bila kosa lake. Weka daftari mbili.

Mkanda usichokiona

Misuli iliyochanika ndani kwa ndani kwa kusimama ghafla, kuchuchumaa na kujinyoosha kunyang'anya mpira haionekani kwenye moyo, nayo huchukua siku mbili tatu kupona. Kwa hiyo chaki na ukuta vina thamani: mchezaji anasimama, anaweka alama ya mkono ulionyooka, anaruka mara tatu, unachukua ruko la juu. Likiwa chini ya kawaida yake siku mbili mfululizo, miguu haijarudi, hata moyo ukisoma vizuri.

Wala mkanda hauoni akiba ya wanga. Kati ya Jumamosi jioni na Jumapili mchana kuna nafasi moja tu ya kuijaza, na inaanza mara mechi inapoisha: kama gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Wa kilo 65 anahitaji gramu 65 hivi kwa saa. Ndizi mbili kubwa za kuiva zinakaribia hapo. Baadaye wali sahani nzima. Timu inayosubiri mpaka saa tatu usiku ndipo itafute chakula imeshapoteza robo ya kwanza ya kesho. Mahamri na mbaazi asubuhi ya mechi sawa, mapema. Viazi karai saa moja kabla ya filimbi, hapana: mafuta yanakaa tumboni.

Utunzaji, idadi na pesa

Chumvi ndiyo adui. Baada ya kila matumizi tenganisha kidude na mkanda. Ukiviacha vimebanana vikiwa na jasho, kidude kinadhani bado kiko kifuani, betri inaendelea kuliwa, na vifungo vinaanza kutu. Suuza mkanda kwa maji baridi, uanike kivulini. Jua la juu ya bati linakausha mpira mpaka unapasuka. Mkanda wa kitambaa ndio utakaochoka kwanza, nao unauzwa peke yake, kwa hiyo usitupe kidude kwa sababu ya kitambaa kilicholegea.

Msinunue 16. Minne inatosha kuanzia: viungo wawili, beki wa pembeni na fowadi mmoja, maana hao ndio wanaokimbia na kubishaniwa. Kila mmoja awe na kitambaa chake chenye jina kwa wino. Vidude vinaweza kupokezanwa kwenye mbio za filimbi, mradi simu ijue nani amevaa. Fulana zenye jipiesi (GPS) zinaonyesha umbali na kasi, kitu ambacho mkanda hauonyeshi, na ukiwa nazo zote mbili picha inakamilika. Bei yake lakini ni ya timu za kulipwa, na timu ambayo bado inachangishana nauli ya kupanda Nairobi haina sababu ya kuanzia huko.

Kama hata minne haiwezekani, filimbi, daftari, mizani na chaki vinafanya sehemu kubwa ya kazi. Mapigo yahesabiwe kwa vidole viwili shingoni, sekunde 15 mara nne, mara tu anaposimama. Ukikosea pigo moja umekosea manne kwa dakika, karibu yote yale matano tunayoyatafuta, kwa hiyo mhesabuji awe mmoja kila siku na mchezaji asijihesabie. Usirefushe kufikia sekunde 30 ukidhani unapunguza kosa. Moyo wa mchezaji unaanza kushuka papo hapo, na utaandika namba ya mtu aliyekwisha kupumzika.